Kanga ya utando, mwaka 2091: naomba mnipe ugonjwa wake

mwalimu_wa_zamu aliandika:

Habari za jioni wapendwa. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Tanga. Fizikia niliachana nayo kidato cha pili na hatukuagana vizuri, kwa hiyo atakayenijibu anijibu kama anavyomjibu mtu aliyekaa kwenye benchi la fundi akingoja simu yake.

Naandika hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mwaka ni 2091, mahali ni Ngamiani hapahapa, Barabara ya 12, ambako bibi yangu alikuwa na kibanda cha kanga mpaka macho yalipomkataa. Kanga za pamba bado zipo, lakini wenye uwezo wanavaa kanga za utando. Jina "utando" nimelibuni mwenyewe, msihangaike kulitafuta. Ni kioo cha kuonyesha picha na maandishi kama kile cha simu, ila ni chembamba na laini kiasi kwamba unakifunga kiunoni, unajitanda, unakikunja na kukitia sandukuni na udi. Pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina, vyote vinabadilika. Asubuhi mji una mikorosho, jioni una kuku wenye madoadoa.

Utamu wenyewe uko kwenye jina. Kwa asiyejua: jina la kanga ni yale maneno yaliyochapwa kwa herufi kubwa sehemu ya chini ya mji. Mtu wa pwani hanunui rangi peke yake. Bibi yangu hakujua kusoma herufi za Kirumi, alisoma za Kiarabu tu, lakini alijua kila kanga ya kibandani kwa pindo lake. Mteja akigusa ile yenye korosho nyekundu, bibi anamtajia jina bila kuinua kichwa, na kama jina lilikuwa kali aliuliza kwanza, "Unampelekea nani?"

Sasa mhusika wangu, Zaituni, ana kanga ya utando na ana wifi asiyeivana naye hata kwa chumvi. Wifi akikatiza uani, mgongoni mwa Zaituni kunasomeka NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mama mkwe akitoka chumbani, panasomeka WEMA HAUOZI. Wifi analalamika, mama mkwe anatazama, haoni kitu. Wifi anaonekana mzushi.

Kurasa kumi na tatu nimecheka peke yangu. Ya kumi na nne nimekwama, leo wiki ya tatu. Kanga ya pamba ukishaivaa umeshasema. Unaweza kujitetea kwamba ulipenda rangi, lakini hakuna anayekuamini, na maneno yatakuwapo kesho na kesho kutwa. Zaituni anasema kisha anafuta. Hapati hasara popote. Hadithi ambayo mhusika hapati hasara ni tangazo la biashara.

Kwa hiyo naomba ugonjwa. Magonjwa ya kanga ya pamba nayajua. Huchuja, ndiyo maana tulifundishwa kuiloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuivaa mara ya kwanza. Hupauka mabegani kwa jua. Ukibebea mtoto sana, jina hufutika. Kanga ya utando ingeugua nini? Sitaki virusi vya kompyuta wala wadukuzi wenye miwani myeusi. Nataka ugonjwa unaotokana na namna kitu chenyewe kilivyoundwa, uwe na mizizi kwenye vioo vya leo, ili fundi akiusoma asinicheke.

FundiVioo aliandika:

Shikamoo mwalimu. Umekaa kwenye benchi sahihi. Kariakoo nina mwaka wa tisa nabadilisha vioo, na hizi za kukunja nimezifungua za kutosha.

Nikuondoe wasiwasi kwanza: wembamba tunao. Watu wanadhani kazi ngumu ni kukifanya kioo kiwe chembamba. Zile tabaka zinazowaka zenyewe ndani ya vioo vya OLED, ukizipanga zote kwa pamoja hazifiki hata mikromita moja, na unywele wako ni kama mikromita 70. Hilo lilishapatikana mwaka 1987 pale Kodak, Marekani, na wakemia wawili, Tang na Van Slyke. Kwenye simu ghali za kukunja kuna kioo cha kweli juu yake, cha silika kabisa, mikromita 30 hivi. Kinapinda. Ukikishika mkononi unaogopa kupumua.

Shida ni kwamba hizo tabaka zinachukia hewa kama paka anavyochukia maji. Mvuke kidogo tu ukiingia, unaona doa jeusi. Leo limelingana na punje ya ufuta, wiki ijayo ni sarafu, na halirudi nyuma. Ndiyo maana kioo kizima kinafungwa ndani ya ngao. Kipimo ambacho wahandisi wanakitaka kwa hiyo ngao ni hiki: mita moja ya mraba isipitishe zaidi ya gramu moja ya mvuke kwa siku milioni moja. Piga hesabu, ni zaidi ya miaka 2,700. Simu inaweza, kwa sababu ni kisanduku. Kanga yako ina zaidi ya mita moja na nusu za mraba, imezungukwa na jasho, na itafuliwa. Ufa mmoja wa kutoonekana kwa macho, kwisha habari.

La pili ni chumvi. Simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji ya kunywa nina matumaini nayo. Iliyoanguka baharini Kigamboni ikiwa imewashwa, namwambia mwenyewe asubuhi na mapema aanze kutafuta nyingine. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unakula shaba mpaka unakuta kutu ya kijani mahali palipokuwa na njia. Kwa hiyo Zaituni akiiloweka kwenye chumvi kama bibi alivyofundisha, hadithi yako inaishia ukurasa wa pili.

La tatu ni watu wenyewe. Kuna mama aliniletea simu ya kukunja, mpya, kioo kimekufa. Nikauliza ameifanyaje. Kumbe alibandua ile plastiki ya juu akidhani ni protekta ya dukani. Ile plastiki ni sehemu ya kioo! Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, alikuwa anajaribu tu kuitunza. Sikumcheka. Ila nakuambia hivi: ugonjwa mkubwa wa kitu kipya ni tabia za kitu cha zamani.

MamaLeso_Makadara aliandika:

Fundi, maneno yako mazuri, lakini wewe wazungumza kioo. Leso, hiyo muiitayo kanga, hujaivaa.

Mwalimu mwanangu, mimi nimeuza leso Biashara Street hapa Mombasa tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na sasa wana watoto wao. Nitakuuliza mambo ya leso, ya umeme siyajui.

La kwanza, leso yauzwa doti, mbili zimeungana. Waenda nyumbani waikata mwenyewe, wapinda. Utando wako wakatwa? Na ukikatwa, ile nusu ya pili yapata wapi moto? Usinijibu mimi, jibu kwenye hadithi, kwa sababu mwanamke wa kwanza atakayeisoma ataliuliza hilo kabla hajauliza mambo ya simba.

La pili, leso ni nguo ya kila kazi. Twajifunga, twajitanda, twabebea mtoto, twaikunja kata twatia kichwani twabebea ndoo, mgonjwa twamfunika, maiti twamfunika. Simu hukunjwa mstari mmoja, pale pale, kila siku. Leso haina mstari wake. Leo yakunjwa huku, kesho kule, na kiunoni yasokotwa.

La tatu, dogo tu. Wasema Zaituni abadilisha jina mtu akija. Sawa. Lakini yeye alionaje? Jina hulisomi mwenyewe, lasomwa na walio nyuma yako. Mimi nimetembea mtaa mzima na leso niliyoifunga juu chini, watu wacheka, nikadhani ni mzaha wao.

Na usisahau kwamba leso ilibadilika kila wakati, si kwamba ilikuwa kitu kimoja milele. Mwanzo wanawake walinunua vitambaa vya mkono vya Wareno, hata jina leso latoka kwao, wakashona sita pamoja, tatu juu tatu chini, wakapata nguo. Kisha wenye maduka wakaagiza iliyochapwa kipande kizima. Majina yalikuja baadaye, na mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hapa kwetu Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, ndiye wasemao alianza kuyatia, na mpaka leo waona kwenye leso zake "Mali ya Abdulla". Kwa hiyo wazo lako mimi silishangai. Kama vitambaa vya pua vimekuwa leso, basi na kioo.

mtu_wa_reli aliandika:

Mnamchosha mwalimu. Ni 2091! Aandike tu kwamba wanasayansi walishatatua matatizo yote hayo, aendelee na visa. Msomaji hataki darasa.

mwalimu_wa_zamu aliandika:

@mtu_wa_reli wakitatua yote sina hadithi. Nimekuja kuomba tatizo, wewe unaniletea suluhisho.

Fundi, hilo la tabia za zamani nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza. Na doa jeusi linalokua ni zuri, linatisha. Lakini doa haliongei. Nikimpa Zaituni doa, kanga imeharibika, anatupa, ananunua nyingine. Natafuta ugonjwa unaomsaliti.

Mama, shikamoo na ahsante. Nimecheka hiyo ya juu chini. Suala la kukata sina jibu bado, limenikaa kooni.

nyuzi_na_waya aliandika:

Nimesoma yote, naomba kuingilia. Nilisomea uhandisi wa nguo, na Mama Leso amegusa jambo ambalo ndilo kiini cha mada hii, hata kama anasema umeme haujui.

Chukua karatasi, jaribu kufunika chungwa. Haiwezekani bila mikunjo na kuchanika. Sasa chukua kitambaa, funika chungwa hilohilo. Linakaa. Kwa nini, wakati karatasi inaweza kuwa nyembamba kuliko kitambaa? Kwa sababu kitambaa si kipande kimoja. Ni nyuzi zilizopishana, na nyuzi zinateleza kidogo pale zinapokutana, vile vijiraba vya katikati yake vinalala upande. Karatasi na plastiki hazina pa kuteleza. Zinapinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Vioo vyote vya kukunja na kuviringisha vya leo ni karatasi kwa tabia, hata ile televisheni ya inchi 65 ya LG iliyouzwa Korea Kusini mwaka 2020, inayojiviringisha na kuzama ndani ya boksi lake. Inapanda, inashuka. Huwezi kujitanda.

Kwa hiyo mwalimu, neno lako "utando" ni tamu lakini linakupoteza. Utando ni ngozi moja. Kanga yako lazima ifumwe. Na hili si la 2091. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walichapisha kwenye jarida la Nature kitambaa kinachoonyesha maandishi, urefu mita 6, upana sentimita 25. Uzi wa kutanda, yaani wa urefu, unapokutana na uzi wa mshindo, yaani wa upana, pale kwenye makutano ndipo panawaka nukta. Walikuwa na nukta kama laki tano, zikiachana kwa mikromita 800 hivi. Wakakifua, wakakikunja, kikaendelea kuwaka. Kwa macho ya kanga hiyo nafasi ya mikromita 800 inatosha kabisa. Jina husomwa kutoka ng'ambo ya uani, si kwa miwani.

Kuhusu kukata: ikiwa kila uzi unapata umeme kutoka pembeni, ukikata katikati nusu moja inakufa. Kwa hiyo mfumaji angeweka mashine ndogo ya kuendesha nyuzi kwenye kila kanga ya doti, na muuzaji angekuwa na mstari wa kukatia. Hilo limetatuliwa, Mama aridhike.

Sasa ugonjwa. Nakupendekezea uachane na kuwaka. Kanga inayowaka mchana wa Tanga itapigana na jua na jua litashinda, na usiku Zaituni atang'aa kama kituo cha mafuta. Tumia wino. Teknolojia ya vitabu vya kielektroniki, ile ya E Ink, iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, na kuwa kampuni mwaka 1997. Ndani yake kuna vifuko vidogo, kila kimoja upana wake kama unywele, vimejaa maji maangavu na chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukivuta upande huu, nyeupe zinapanda juu. Ukivuta kinyume, nyeusi zinapanda. Kabla yake, miaka ya 1970, Nick Sheridon wa kampuni ya Xerox alikuwa na vijipira vyenye upande mweusi na upande mweupe, vinajigeuza vikivutwa na umeme. Wazo ni moja: rangi inatoka kwenye chembe, mwanga unatoka juani. Kadiri jua linavyowaka ndivyo maandishi yanavyosomeka.

Na tabia ya ajabu ya wino huu ni hii. Hautumii umeme kukaa, unatumia umeme kubadilika. Chembe zikishapanda, zinabaki palepale. Zima kila kitu, ng'oa betri, jina linabaki. Kwenye kioo cha simu, kifo ni giza. Kwenye wino, kifo ni neno la mwisho ulilosema.

Kuna na kingine. Ukibadilisha maandishi harakaharaka bila kusafisha vizuri, yale ya zamani huacha kivuli chini ya mapya. Waliosoma vitabu kwenye vifaa hivyo wanakijua, ndiyo maana ukurasa huwa unapiga weusi na weupe mara moja kabla ya kutulia. Unafuta ubao. Na uzi mmoja ukikatika, nukta zote za uzi ule hazipati tena amri. Zinaganda zilivyo.

FundiVioo aliandika:

Aisee. Hapo kwa uzi kukatika mhandisi kasema kweli, na mimi naliona kila siku kwa sura nyingine. Kioo kinaletwa kina mstari wa kijani kutoka juu mpaka chini. Kioo chenyewe kizima, njia moja tu ya umeme imekatika pale pembeni, kwenye fleksi, ule utepe wa nyaya, inapopinda. Asilimia kubwa ya kazi zangu si katikati ya kioo. Ni pembeni, panapokutana kitu laini na kitu kigumu. Kitu laini hakivunjiki, na kigumu hakivunjiki, panavunjika pale walipooana.

Mwalimu, ile mashine ya kuendesha nyuzi itakuwa ngumu, hata ikiwa ndogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo uvunje.

mwalimu_wa_zamu aliandika:

Sijalala. Nimewahi zamu asubuhi macho mekundu, wanafunzi wakadhani nimefiwa.

Nimefiwa kweli, kwa maana moja. Wifi amekufa.

Subirini. Nilikuwa nimekaa na maneno ya nyuzi_na_waya, kwamba neno la mwisho linabaki, nikawaza betri iishe Zaituni akiwa mbele ya mama mkwe. Nikaandika. Haikunoga. Betri ikiisha, mtu anajua imeisha, anakimbia chumbani. Nikafuta. Ndipo nikarudi kwa Mama Leso, ile aliyoiita "dogo tu". Jina hulisomi mwenyewe.

Basi kisa kiko hivi. Jumatano mchana wanagombana vibaya uani, na Zaituni anaweka jina ambalo hajawahi kuliweka, baya kuliko la simba. Wifi anasoma, hajibu, anaingia ndani. Usiku anaumwa tumbo, alfajiri hayupo. Zaituni analia kweli, maana ugomvi wa miaka kumi nao ni aina ya kuzoeana. Anachukua kanga yake, anagusa kile kitufe cha pindoni, anachagua jina la msibani. Kile kidude kinamwambia limewekwa. Hakidanganyi, amri kimetuma. Lakini nyuzi zinazokwenda kwenye jina zimekatika pale pembeni, kwa miaka miwili ya kufunga na kufungua, na fundo la jana lilifungwa kwa hasira. Mji umebadilika, pindo limebadilika, anaviona kwa mbele na ni sawa. Jina halikubadilika.

Anapita katikati ya wanawake waliokaa mkekani, anagawa kahawa. Kila anayempa kikombe anamwambia pole. Kila aliyeshapewa ananyamaza.

Nina maswali mawili tu. Kifundi, inawezekana jina peke yake ligande huku vingine vikibadilika? Na Mama, watamwambia?

nyuzi_na_waya aliandika:

Inawezekana, ila uipange. Jina ni ukanda mwembamba unaolala. Nyuzi za mshindo zinazopita pale ni kundi moja linaloingia kwenye mashine mahali pamoja. Kundi lile likikatika lote, ukanda mzima unaganda, na juu yake na chini yake kunaendelea. Likikatika nusu ungepata vichekesho, herufi zilizokatwa viuno, nusu ya tusi na nusu ya dua. Unaweza kulitumia hilo mapema, ukurasa wa nane au tisa: uzi mmoja ubaki na kamstari kembamba ka jina la jana. Zaituni akaone, akadharau. Msomaji atakuwa ameonywa na hatajua.

Na neno moja la kitaalamu dhidi yangu mwenyewe: kiwanda chenye akili kingeweka njia ya kitambaa kujipima na kusema uzi fulani haujibu. Sema ya Zaituni ni ya bei nafuu.

FundiVioo aliandika:

Sema ni ya mtumba. Mtu wa pili kuivaa. Mimi hapo nakuamini mia kwa mia.

MamaLeso_Makadara aliandika:

Hawatamwambia. Matangani nani asimame aseme? Kumwambia ni kulisoma kwa sauti mbele ya maiti. Wale wa rika lake watatazamana. Wasichana watatoka nje kucheka kisha wajione vibaya. Mama mkwe ataliona, na huyo ndiye wa kumtazama, mwalimu, kwa sababu huyo kwa miaka yote alimwambia binti yake kuwa ni mzushi.

Na mtu mzima mmoja, si jamaa hata, jirani, atainuka taratibu kama aendaye chooni, avue leso aliyojitanda, amfunge Zaituni kiunoni kwa nyuma, juu ya ile nyingine, kama mtu amwekaye mwenzake sawa nguo. Asiseme kitu. Zaituni atadhani ameona damu.

mwalimu_wa_zamu aliandika:

Mama, hiyo naichukua kama ilivyo. Sitaibadilisha hata nukta.

Leso ya huyo jirani ni ya pamba. Ina jina gani?

MamaLeso_Makadara aliandika:

Lilifutika zamani. Kabebea watoto saba.

mtu_wa_reli aliandika:

Naondoa maneno yangu. Ikitoka itapatikana wapi?

mwalimu_wa_zamu aliandika:

Ikitoka. Kwanza nisahihishe mitihani ya kidato cha tatu, marundo mawili.

FundiVioo aliandika:

Mwalimu la mwisho kabla hujafunga. Amua ile mashine iko kona gani, kisha uhakikishe ndiyo kona anayochomeka kiunoni, maana ndipo panaposokotwa kila siku. Ukiweka kona nyingine, fundi wa 2091 atakucheka. Mama Leso, samahani kwa kuuliza, kwani huwa mnachomeka upande gani?

MamaLeso_Makadara aliandika:

Mimi kushoto. Dada yangu kulia. Muulize mkeo.